Aliyelala Kitanda cha Tatu

Kashindye aligoma mlangoni mwa wodi ya watoto njiti. Mtoto wake wa kilo moja na robo alikuwa kifuani, kafunikwa kanga mbili na sweta la mtu mzima, na muuguzi aliyemleta kutoka chumba cha kujifungulia alikuwa akimsukuma mgongoni kwa kiganja.

"Pale simlazi mwanangu," alisema. "Pale amekufa mtoto juzi."

"Nani kakwambia?" Sista Yudith, mkuu wa wodi, aliuliza. Hakumwangalia yeye. Alituangalia sisi.

Tulikuwa akina mama kumi na mmoja, na kila mmoja akapata kazi ya ghafla: kukunja nepi, kufunga kilemba, kukoroga uji uliokwisha kupoa. Aliyemwambia ni Prisca wa Mbalizi, muuza mitumba, ambaye habari haikai kwake hata dakika mbili. Alimdaka Kashindye koridoni kabla hata hajafika.

"Kitanda hakiui mtu," Sista Yudith alisema. "Wewe utoke Usangu huko na ng'ombe zako, uje kunifundisha mimi vitanda? Vipo kumi na viwili, kumi na kimoja vimejaa. Namba sita ndiyo yako. Hutaki, mlango ni huo huo ulioingilia."

Hivyo ndivyo alivyozoea kusema nasi. Nilikuwa na siku ishirini na tatu mle ndani na binti yangu Lea, na sikuwahi kumsikia akimwita mama yeyote kwa jina. Mimi nilikuwa Tatu, namba ya kitanda changu. "Tatu, ondoa nepi dirishani, hapa siyo mtaani kwenu Soweto." Wenzangu nao hawakumpenda na hawakuficha sana, akigeuka tu, Prisca alikuwa anamwigiza anavyotembea, mabega juu kama mtu aliyebeba ndoo mbili.

Hizo namba zilianza na mashine. Kila kitanda kilikuwa kimefungwa kisanduku cheupe, na kutoka kwenye kisanduku ulitoka waya wenye kibanio, kibanio kikabana mguu wa mtoto na kupima hewa iliyomo kwenye damu yake. Vipimo vyote vilirushwa hewani hadi kwenye kompyuta moja iliyokaa ndani ya kijumba cha kioo, mwisho wa wodi. Huko muuguzi aliona namba moja hadi kumi na mbili. Kijani, mtoto salama. Nyekundu na kengele, kuna jambo. Fundi aliyeileta, Liberatus, kijana wa Iringa mwenye viatu visivyowahi kukanyaga tope, alitukusanya siku ya kwanza akatuambia, "Akina mama, huu mfumo haulali, hauchoki, hauna ndugu. Mnaweza kuuamini kuliko mtu." Sista Yudith alikuwa amesimama nyuma yake. Aliyasikia hayo yote.

Kuanzia siku hiyo alituangalia kwenye skrini. Wauguzi walikuwa wawili tu kwa watoto kumi na wawili, simlaumu kwa hilo. Pembeni ya kompyuta alibandika karatasi yenye maandishi ya kalamu nyekundu. Mimi niliisoma kila nilipopita kuchukua vikombe. Namba tatu, ya Lea wangu, iliandikwa: *kibanio hutoka*. Lea alikuwa anarusha miguu, kibanio kinachomoka, kengele inalia, na hakuna lolote. Kwa siku ililia mara ishirini. Mwishoni wakaacha kuja. Walinyoosha tu kidole wakabonyeza pa kunyamazisha.

Asubuhi ile, daktari alipompima mtoto wa Kashindye, mstari mpya uliongezwa: *6 husahau kupumua. KIMBIA.*

Sasa kuna jambo wauguzi hawakulijua, na sisi tulilijua wote. Tulikuwa tunahama.

Kitanda cha tisa kilikuwa chini ya dirisha lililopasuka, na baridi ya Mbeya mwezi wa saba siyo ya kumlaza njiti. Cha kwanza taa yake ya joto ilizidi, mtoto anageuka mwekundu. Kwa hiyo wauguzi wakiingia chumba cha pili kupokezana zamu, sisi tulihamisha. Tuliwabeba watoto, tukabadilishana, kila mtoto tukambana kibanio cha kitanda alichofikia. Dawa zilitolewa kwa namba saa nne na saa kumi, basi robo saa kabla ya hapo kila mmoja alirudishwa mahali pake. Hakuna aliyewahi kusahau. Tulikuwa na zamu zetu, na mtu wa kuchungulia mlangoni. Tulijiona wajanja. Kumwambia Sista? Alishatangaza Jumatatu: atakayegusa kitanda au waya anaondoka na mtoto wake siku hiyo hiyo. Faustina, mwanamke mpole aliyetoka mbali, kule Mgololo ambako mumewe anafanya kazi kiwandani, alilia usiku mzima baada ya tangazo lile. Mwanawe alikuwa hajafikisha kilo moja na nusu.

Kashindye alilazimishwa. Alimlaza mtoto kitanda cha sita akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akitazama kisanduku kama mtu anayetazama nyoka. Simu yake ililia mara tatu. Ya tatu aliiweka sauti ya nje bila kukusudia, tukamsikia mama mkwe: "Ukimwacha pale, usirudi kwangu!" Kashindye akamchukua mtoto tena, akamrudisha chini ya sweta, kibanio kikaning'inia. Kengele ya sita ikalia. Muuguzi akaja mbio, akamtukana, akamrudisha mtoto. Dakika kumi, Kashindye akamtoa tena.

Sikuweza kuangalia. Mtoto alikuwa anapoa mikononi mwake.

Saa nane wauguzi walipoingia kupokezana nikamfuata. "Dada, mlaze kwangu, namba tatu. Mimi nitalaza wangu hapa sita."

"Wewe huogopi?"

"Wangu ana kilo moja na mia nane. Siku mbili tatu tunatoka. Saa kumi kasoro robo tunarudisha, wasijue."

"Na hicho chako hakijaua mtu?"

"Hakijaua."

Prisca alichungulia mlangoni akaashiria kwa kichwa kwamba njia nyeupe. Tukabadilishana. Nikambana mtoto wake kibanio cha tatu kwa mikono yangu mwenyewe. Alikuwa na visigino kama punje za mahindi mabichi. Kashindye hakusema asante, alikaa tu kwenye stuli akashusha pumzi.

Dawa tulizifikiria. Kengele hatukuifikiria.

Saa tisa ni saa ya kulisha. Nilikuwa kitanda cha sita nimeshika kikombe, maziwa yanashuka taratibu kwenye mpira wa kulishia wa Lea. Kashindye alikuwa ameshamlisha wake, katoka getini kumpokea mama mkwe aliyekuja na chakula. Kengele ikalia. Niliinua macho hadi kwenye kioo: tatu, nyekundu. Nikaona kidole cha Sista Yudith. Kimya.

Nikajiambia, Lea huyo kashatupa kibanio. Halafu nikamwona Lea, mapajani mwangu.

Ikalia tena. Kidole tena. Kimya.

"Sista!" nikapiga kelele. "Namba tatu!"

"Tatu, lisha mtoto wako," alijibu kutoka kwenye kioo, "kompyuta niachie mimi."

"Siyo kibanio!"

"Umesomea udaktari lini?"

Nilimlaza Lea na mpira wake puani, kikombe kikamwagika, nikakimbia. Mtoto wa Kashindye alikuwa ametulia sana. Kibanio kilikuwa mahali pake. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu. Nikampiga nyayo kwa kidole kama tulivyofundishwa, mara moja, mara ya pili, hakuna. Nikamsugua mgongo. Nilikuwa napiga kelele, sijui nilisema nini, maana Sista Yudith alitoka kwenye kioo akiwa amekunja uso kunigombeza, na alipofika miguuni mwa kitanda uso ukabadilika wote.

Hapo niseme kweli. Mikono ile sijaona mingine kama ile. Alinisukuma kwa kiuno, akanyoosha kichwa cha mtoto, akaweka kibarakoa kidogo na kuminya mfuko wa hewa, akihesabu kwa sauti ya chini, "moja, mbili, moja, mbili," kama anayebembeleza. Mtoto akajikunja. Akakohoa. Akalia kilio chembamba kama cha paka aliyefungiwa nje.

Kashindye alikuwa mlangoni, hotipoti mkononi.

Daktari Sosthenes alifika, na Liberatus, ambaye siku hiyo alikuwa jengo la pili akifunga nyaya. Daktari alimsikiliza mtoto kifua. Liberatus aliingia kwenye kioo moja kwa moja, akabonyeza bonyeza, akatoka na maneno yake tayari.

"Saa tisa na dakika kumi na saba, kengele kitanda cha tatu. Imenyamazishwa baada ya sekunde nne. Ikalia tena. Imenyamazishwa baada ya sekunde tatu." Akamgeukia Sista Yudith. "Mfumo umefanya kazi yake. Kila kitu kimeandikwa."

"Tatu ni kibanio!" Sista Yudith alisema. Sauti ilikuwa imempanda. "Kila mtu humu anajua tatu ni kibanio! Wiki tatu nakwambia punguza kelele za hiyo tatu, unaniambia mfumo hauna tatizo!"

"Na hauna. Aliyenyamazisha ni mtu. Hili linakwenda kwa mganga mkuu leo, na wewe unajua mwisho wake."

"Mfumo haukukosea?" Kashindye aliuliza. Alikuwa bado ameshika hotipoti. "Basi mwanangu ndiye aliyekosea?"

Daktari aliinua mkono wa mtoto. Plasta ya jina ilikuwa ya asubuhi ile, maandishi bado meusi. "Hapa pameandikwa Kashindye," alisema taratibu. "Kashindye si yuko sita?"

Nepi zikaanza kukunjwa upya.

"Nani kahamisha?" Sista Yudith aliuliza.

"Mimi," nikasema.

Nilidhani atanipiga. Alinisogelea hadi nikasikia harufu ya dawa kwenye koti lake. "Nimekaa hapa miaka kumi na sita. Sijawahi kumpuuza mtoto anayekufa. Leo umenifanya nimpuuze. Funga vitu vyako."

Kashindye naye akanigeukia. "Ulisema hakijaua mtu."

Liberatus alikuwa anatabasamu upande mmoja. "Ndiyo maana nasema, watumiaji ndio wanaharibu. Mama, wewe kompyuta umeisomea wapi hata uhamishe vifaa?"

"Masomo ya jioni," nikamwambia. "Soweto."

"Jioni!" Akacheka. "Haya."

"Haya. Nikuulize la jioni. Kompyuta yako inajuaje nani kalala kitandani?"

"Inajua namba."

"Namba ya mtoto au ya kitanda?"

Akajishughulisha na simu yake.

Daktari alikuwa ametuangalia wote kwa zamu. Akauliza jambo ambalo nilikuwa naliogopa. "Ni hawa wawili tu, au kuna wengine?"

"Kila mama kwenye kitanda chake!" Sista Yudith akaamuru. "Sasa hivi! Tuone."

Wakaenda. Walikwenda kwenye namba zilizoandikwa kwenye faili. Siyo kwa watoto wao, kwa namba. Prisca alisimama kitanda cha tisa, pembeni ya mtoto asiye wake. Mtoto yule alikuwa wa Faustina. Na Faustina alikuwa amesimama kumi na moja, pembeni ya mtoto wa Prisca, ncha ya kanga mdomoni. Plasta zao za siku nyingi zilikuwa zimefutika kwa mafuta tunayowapaka. Ukitazama, kila kitu kilikuwa sawasawa kabisa, mama kumi wima, na faili zinakubali.

"Safi," Liberatus alisema. "Ni hawa wawili."

Ilikuwa saa kumi, na ile robo saa ya kurudisha watoto ilishapita watu wakiwa wamejaa wodini. Muuguzi wa pili alishaandaa trei ya dawa. Sista Yudith alichukua bomba la kwanza la dawa akasoma karatasi: tisa, dawa ya degedege. Mtoto wa Prisca alikuwa na degedege tangu azaliwe. Dawa ile ilikuwa inamlaza kama gogo. Wa Faustina hakuwa na degedege. Alikuwa mdogo tu, mdogo sana.

"Sista, huyo usimpe," nikasema.

"Wewe bado upo?"

"Usimpe."

"Kwa nini?"

Nilimwangalia Prisca. Prisca alinitolea macho yote aliyonayo. *Thubutu*, yalisema. Nilimwangalia Faustina, machozi yalikuwa yanashuka hadi kwenye kanga na bado miguu haikusogea. Ningeweza kuwataja. Lakini walikuwa wengine zaidi ya hao, na wengine sikujua watoto wao wamelala wapi. Siku hiyo walihama mara mbili. Kila mama alijua la kwake tu.

"Siwezi kusema," nikamwambia Sista. "Ila ondoa lile tangazo lako la kufukuza. Ukiliondoa, utaambiwa."

"Nikubembelezeni? Mimi nasimamishwa kazi kwa ajili yenu, nyie mbaki mnakunywa uji?"

"Nani kasema unasimamishwa?" Daktari aliuliza.

"Huyu! Na mashine yake!"

Daktari Sosthenes alijifuta paji la uso. "Liberatus, hiyo ripoti yako haiendi kwa mtu leo. Kesho tutakaa, tutaandika yote, na wewe mwenyewe utaandika kwa nini kengele inalia mara ishirini bure kwa siku na hukumsikiliza mtu. Yudith, husimamishwi. Sasa waambie."

Sista Yudith alisimama, bomba la dawa mkononi. Nilimwona anavyolimeza lile neno, linagoma, analimeza tena.

"Hakuna atakayefukuzwa," alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Andika," Prisca akasema. "Kwa mdomo tumeshakusikia mengi."

"Prisca, adabu!" muuguzi wa pili alifoka. Lakini Sista Yudith aliweka bomba chini kwenye trei, akachana ukurasa wa nyuma wa faili, akaandika akiwa amesimama, akatia sahihi na tarehe, akaubandika ukutani kwa plasta. Prisca alikwenda kuusoma hadi mwisho, midomo inacheza.

Faustina hakusubiri. Aliacha kumi na moja akakimbia hadi tisa, akamnyakua mwanawe, kibanio kikachomoka na kengele ikaanza. Prisca akapishana naye kwenda kumi na moja. Halafu mama wa kitanda cha kwanza akaenda nne. Wa nne akaenda saba. Wa saba akasimama katikati kidogo, akipepesa macho, kisha akaenda moja. Kengele zilikuwa zinalia hovyo, na hakuna aliyezinyamazisha. Nilihesabu watano waliohama, bila mimi na Kashindye.

Muuguzi wa pili alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Liberatus alisogea hadi kwenye kisanduku cha tisa, akagusa skrubu zake, kama ndiyo kwanza anakiona.

"Hivi vimekazwa kwenye chuma," alisema, hakuna aliyemuuliza. "Ndivyo mkataba ulivyosema: kimoja kwa kila kitanda."

"Tafuta bisibisi," Sista Yudith akamwambia. "Vitoke kwenye chuma. Mtoto akienda, kiende naye."

"Hiyo itabidi niombe—"

"Omba huku unafungua."

Ilichukua hadi jua linazama nyuma ya Mlima Mbeya. Sista Yudith alipita kitanda kwa kitanda na plasta mpya, na mimi nyuma yake na kalamu, kwa sababu muuguzi wa pili alikuwa anagawa dawa kwa kuuliza kila mama jina mara mbili. Sista hakusema nami neno lisilo la kazi. Alipofika kwa Lea alisema tu, "Wako huyu?" Nikasema wangu. "Una hakika leo?" Wenzangu wawili watatu wakacheka, siyo cheko zuri. Prisca alikuwa ameshaniambia kwamba nikitoka hospitali nisipite mtaani kwake Mbalizi.

Mtoto wa Kashindye tulimwacha wa mwisho. Alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kisanduku chake kimefungwa kwa kamba ya bandeji begani mwa Kashindye. Liberatus alikaa kwenye kompyuta akafuta namba, akaanza kuandika majina. Sista Yudith alimsimamia, akamkosoa mara mbili. Kengele ya mtoto huyu alikaa kitini akaiweka yeye mwenyewe, akaichagulia mlio tofauti na mingine yote.

Kashindye aliinuka na kisanduku chake, akaja hadi kwenye kijumba cha kioo. Alisimama ubavuni mwangu. Hakuwa amenisamehe, nililisikia hilo kwenye pumzi zake.

"Mimi sikusoma," alisema. "Wewe uliyesoma jioni. Soma pale."

Nikasoma. "Mtoto wa Kashindye."

"Wa nani?"

"Wa Kashindye."

Aliangalia skrini, akaangalia kichwa kilichokuwa chini ya kidevu chake, akaangalia skrini tena. Mstari wa kijani ulikuwa unapanda na kushuka.

"Mtoe kibanio," aliniambia.

"Kitalia."

"Ndiyo nataka. Nione kama kinamjua."

Nilimwangalia Sista Yudith. Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Nikakichomoa kibanio, na mle ndani ya kioo ule mlio mpya ukalia, na Sista Yudith, aliyekuwa hatua mbili tu na akijua kabisa ni jaribio, aliruka kutoka kwenye kiti.